Maelekezo Kutoka kwa Gavana

Kisima cha mtaa kilipigwa kufuli mara tu mvua zilipokatika. Kuluthumu alikwenda asubuhi na ndoo zake kama kawaida, akakuta mfuniko wa chuma umefungwa, na mwenyekiti wa mtaa, Mzee Abdulatifu, amesimama kando, mikono nyuma.

"Kimefungwa," mzee alisema.

"Kimefungwa na nani, Mwenyekiti?"

"Maelekezo yametoka juu."

Kuluthumu alitazama juu. Kulikuwa na kunguru kwenye waya wa umeme, basi.

Yeye alikuwa mfuaji. Alifua mashuka ya nyumba mbili za wageni karibu na stesheni ya Tabora, na mashuka hayafuliwi kwa maelekezo. Bomba la mtaa lilitoa maji lilipopenda. Akaanza kukokota madumu kwa baiskeli kutoka mtaa wa pili, na mashuka yakawa yanafika jioni badala ya mchana. Bi Shamila, mwenye mojawapo ya nyumba hizo za wageni, akamwambia kwa upole kwamba mwezi ukiisha hivi atamtafuta mfuaji mwingine. Upole ule ulimnyima Kuluthumu usingizi kuliko ambavyo ukali ungefanya.

Kilichomuuma zaidi ni kwamba ufunguo wa kufuli lile uliwahi kukaa kwake, pindoni mwa kanga. Mwaka uliopita Mzee Abdulatifu aliuchukua mbele ya watu. Alisema mali ya mtaa haikai pindoni mwa kanga, kwamba mwanamke akikung'uta kanga tu, ufunguo umekwenda. Watu walicheka. Kuluthumu naye alicheka, kwa sababu hakujua la kufanya lingine.

Sasa alitaka kujua jambo moja tu: huko juu ni wapi?

Simu yake ilikuwa ya kisasa lakini aliitumia kupokea salamu na picha za harusi. Akaenda kwa jirani yake Kondo. Kondo alikuwa gadi wa treni, sasa mstaafu. Reli ilimtoa Pwani ikamfikisha Tabora, akaoa, akabaki. Ni Mzaramo, na Wazaramo na Wanyamwezi ni watani tangu enzi za misafara, tangu babu zake Kuluthumu walipokuwa wakishuka pwani na meno ya tembo begani. Mtani anaweza kukuambia lolote na huruhusiwi kununa. Ukimwomba msaada, ujue pia unachokiomba.

"Shikamoo, mtani."

"Marahaba. Mzigo umeutua wapi leo?"

"Nimeutua kwenu, nikakuta mmelala wote. Nisaidie kitu. Nataka kujifunza serikali ilivyopangwa. Nani yuko juu ya mwenyekiti wa mtaa, na nani juu ya huyo."

"Na wewe ukishajua serikali, mizigo atabeba nani?"

"Utabeba wewe. Haya, si yamo kwenye mtandao?"

"Yamo yote." Kondo alivaa miwani, akabofya polepole, akatabasamu kidogo, akabofya tena. "Nimekutumia. Kiswahili safi kabisa. Kasome."

Kuluthumu alisoma. Alisoma mashuka yakikauka, akasoma akisubiri pasi ya mkaa ishike moto. Alijifunza kwamba nchi imegawanyika katika kaunti, na kila kaunti ina gavana. Kuna kamishna wa kaunti, kuna bunge la kaunti, na kuna Seneti ya kuzitetea kaunti zote. Alishangaa kidogo kwamba hajawahi kumwona gavana wa Tabora hata akipita kwenye gari, lakini alijilaumu. Akajiambia, ndiyo matokeo ya kuinamia beseni miaka yote.

Siku moja akavuta ukurasa ule ukakua mkubwa, akaona nembo iliyokuwa juu. Simba wawili wamesimama wima, na kati yao, kwenye ngao, jogoo ameshika shoka.

Akamtazama yule jogoo kwa muda. Kisha akaingia ndani, akatoa kitambulisho chake cha taifa kwenye pochi. Hapa ngao ilikuwa na mwanamume na mwanamke pembeni. Simba hakuwepo. Jogoo hakuwepo.

Alikuwa amejifunza serikali ya Kenya, tena kwa bidii.

Alifunga mlango, akaenda uani kwa Kondo, akamkamata jogoo wake mwekundu, akamfunga miguu kwa kipande cha shuka, akarudi naye nyumbani. Mtani ana haki hiyo, na kila mtu mtaani anaijua.

Kondo alifika kabla ya chakula cha mchana.

"Mtani, namtafuta jogoo wangu."

"Ameitwa na Seneti."

Kondo akaelewa, akashika nguzo ya kibaraza.

"Atarudi lini?"

"Gavana akitia saini."

Kondo alicheka mpaka akakaa chini. Alipoweza kusema, aliapa kwamba hakukusudia mabaya, ila kila ukitafuta mambo ya serikali kwa Kiswahili, wale majirani wanakuja mbele, na yeye akaona heri asiingilie kazi ya mtandao. Kuluthumu alimwambia jogoo anabaki mpaka somo lirudiwe, na safari hii vizuri.

Likarudiwa. Kondo, ambaye miaka yote aliangalia tiketi za watu, alikuwa na utaratibu wake wa kukagua. Kwanza tazama mwisho wa anwani ya tovuti. Za serikali yetu huishia na go.tz. Pili nembo, hilo sasa unalijua mwenyewe. Tatu tarehe, maana sheria nayo huchakaa. Nne, ukisoma jambo mahali pamoja, lisome na mahali pengine. Wakaipakua Katiba yenyewe, wakaisoma kwa zamu kibarazani, jogoo akiwika kila alipoona inafaa. Walipofika Ibara ya 146, panaposemwa kwamba madhumuni ya serikali za mitaa ni kupeleka madaraka kwa wananchi, Kuluthumu aliomba irudiwe. Baadaye wakapata pia kwamba mkutano wa wakazi wa mtaa unapaswa kuitishwa kila baada ya miezi mitatu.

"Wetu wa mwisho ulikuwa lini?" Kuluthumu aliuliza.

"Ule aliokunyang'anya ufunguo," alisema Kondo.

Sasa alizijua ngazi zake, akazipanda mojamoja. Akauliza ofisi ya kata. Akauliza manispaa. Akauliza watu wa maji. Kote walimpokea vizuri, na kote hakuna aliyewahi kusikia habari ya kufuli. Huko juu kulikuwa kutupu kama siku ile ya kunguru.

Mtendaji wa mtaa, Benedikta, binti wa Lusu kule Nzega aliyehamia si muda mrefu, alikubali haraka kubandika tangazo la mkutano. "Nimemkumbusha Mwenyekiti mara nyingi, mama," alisema. "Kila mara ananiambia anasubiri juu."

Hata hivyo Kuluthumu alikuwa na tatizo. Mzee Abdulatifu alimzika baba yake Kuluthumu na akawafundisha wanawe Kurani. Huwezi kusimama mbele ya mtaa mzima ukamwita mtu kama huyo mwongo. Unaweza kumuuliza tu.

Mkutano ulifanyika uani mwa madrasa. Watu walikuja wengi, wengi wao na ndoo, kwa matumaini. Zamu yake ilipofika, Kuluthumu alisimama, akarekebisha kanga.

"Shikamoo, Mwenyekiti. Mimi nataka kuelewa tu kuhusu kisima. Ulisema maelekezo yametoka juu."

"Marahaba. Ndivyo."

"Basi jambo hili limefika kwa kamishna wa kaunti?"

Benedikta aliinua kichwa. Mzee Abdulatifu alipangusa paji la uso.

"Limefika," alisema.

"Akasemaje?"

"Akasema lisubiri. Taratibu zinaendelea."

Nyuma, Kondo alianza kukohoa.

"Sawa, Mwenyekiti. Maana nimesikia haya mambo lazima yapite Seneti. Seneti nayo imekaa?"

"Imekaa," alisema mzee, sasa kwa sauti ya mtu anayetembea gizani na kushukuru kila anapokanyaga ardhi. "Imekaa, wamelijadili kwa kina."

Mwalimu mmoja wa sekondari aliangalia viatu vyake. Mabega yalikuwa yanamtikisika.

"Kwa hiyo limebaki kwa gavana wa Tabora."

"Limebaki kwa gavana. Yuko safarini. Akirudi, nimeahidiwa, tutaonana naye ana kwa ana."

Kisha jogoo wa Kondo, aliyekwisha kurudishwa kwake, akawika kutoka nyumba ya tatu, na hapo hakuna aliyejizuia tena. Walicheka wazee, walicheka wanawake wenye ndoo, Benedikta alijificha uso nyuma ya faili. Wale ambao hawakujua wanacheka nini walielezwa na jirani zao, wakaanza upya.

Kuluthumu peke yake hakucheka. Alikuwa anamtazama mzee, na alimwona akitafuta pa kuweka mikono. Aliukumbuka ule mkutano mwingine, na kicheko kingine.

Akasogea mbele, akasema kwa sauti ya chini, "Mwenyekiti, ufunguo uko wapi?"

Mzee Abdulatifu alimtazama. Alichoka ghafla, na ikawa nafuu kwake.

"Umo kisimani," alisema. "Nilifungua asubuhi nione maji yamefika wapi. Nikainama. Ulikuwa kwenye mfuko wa juu wa kanzu." Akagusa kifua. "Nikarudisha mfuniko, nikabana kufuli. Ningewaambia nini? Mimi niliyesema yale ya kanga."

Kondo ndiye aliyeokoa, kama mtani afanyavyo.

"Basi mfuko wa kanzu na pindo la kanga vimetoka sare," alisema. "Nani ana nyundo?"

Kufuli lilivunjwa kabla jua halijashuka. Mkutano ulikubaliana linunuliwe jingine, na ufunguo urudi kwa Kuluthumu. Mtu akauliza atautunza wapi. Akanyoosha pindo la kanga.

Ndoo ya kwanza alimpa Mzee Abdulatifu anawe uso. Mzee alinawa, akakaa kidogo ukingoni, maji yakimdondoka ndevuni. Kuluthumu alijaza madumu yake. Mashuka ya Bi Shamila yangefika mchana kesho.

"Mwenyekiti," alisema akiinua dumu, "na gavana akirudi safarini, tumwambie nini?"

Mzee alifikiri.

"Mwambieni afike kwa Kondo," alisema. "Kuna jogoo wa kuchinjwa."

"Jogoo gani?" aliuliza Kondo.