Mtego wa Komeo

Waliompa jina la Komeo hawakukosea. Miaka kumi na minne alicheza beki wa kati, na washambuliaji walimchukia kama mtoto anavyochukia sindano. Mbio hakuwa nazo, wala kimo cha kutisha. Alichokuwa nacho ni kutomwamini mtu. Mshambuliaji akiangalia kulia, yeye anajua huyo anaenda kushoto. Akianguka na kushika goti, Komeo hampi pole, anasimama hapo hapo kumlinda. Kuna siku alimsindikiza mtu akiwa juu ya machela mpaka nje ya mstari, asije akaruka akafunga goli. Uwanja mzima ulicheka. Yeye hakucheka.

Basi goti lilipomstaafisha akawa kocha, ile tabia hakuivua pamoja na jezi. Mkewe akimpikia kitu kizuri siku isiyo na sababu, anauliza, "Kuna nini?" Bintiye akimsalimia kwa adabu sana, anauliza umevunja nini. "Mume wangu," mkewe alishamwambia mara chungu nzima, "humu ndani hakuna mshambuliaji." Lakini wapi!

Silaha yake, tangu akicheza mpaka akifundisha, ilikuwa ni mtego wa kuotea. Mabeki wanne wanasimama mstari mmoja, na kabla tu pasi haijapigwa wanapanda mbele hatua mbili, wote kwa pamoja. Mshambuliaji anaachwa nyuma yao peke yake, kibendera kiko juu, biashara imekwisha. Alipokuwa mchezaji, mtego huo aliucheza na beki mwenzake mmoja, bega kwa bega, miaka kumi na miwili. Hawakuwa wanaitana wala kutazamana. Huyu akipanda, yule keshapanda. Beki huyo baadaye alimwoa dada yake mdogo, na Komeo alipokabidhiwa timu, mtu wa kwanza kumwita awe msaidizi wake alikuwa shemeji yake huyo.

Msimu huu sasa, mtego ukaanza kuvuja.

Si kwamba mabeki walikuwa wanachelewa. Walipanda vizuri, pamoja, kama walivyofundishwa. Lakini kila walipopanda, mshambuliaji wa wapinzani alikuwa ameshajizuia, hakimbii, anawatazama tu kama mtu anayesubiri mlango ufunguliwe, na kiungo mmoja anachomoka kutoka nyuma, anapita katikati yao, huyo, uso kwa uso na kipa. Mechi ya kwanza, goli mbili za namna hiyo. Ya pili, mbili. Ya tatu, tatu! Mara moja ni bahati. Magoli saba ni watu wanajua.

"Tunauzwa," Komeo alisema moyoni, na aliposema hivyo akajisikia vizuri kidogo, kwa sababu hii ilikuwa kazi anayoijua.

Mwenyekiti wa klabu, mama mmoja ambaye hakuwahi kupaza sauti na ndiyo maana watu walimwogopa, alimwita ofisini. "Kocha, mechi mbili," alisema. "Zikiharibika hizo, sitakuwa na la kukutetea."

Kuanzia siku hiyo Komeo akawa macho kodo. Kwanza alimshuku kipa, maana alikuwa anacheka hata wakifungwa. Halafu daktari wa timu, ambaye aliwahi kufanya kazi upande wa pili. Lakini jicho lake, litake lisitake, likawa linarudi kwa shemeji. Shemeji siku hizi akiongea na simu na Komeo akiingia, anaikata. Shemeji alionekana mgahawani akinywa chai na kocha wa timu iliyowafunga magoli matatu. Zaidi ya yote, shemeji alikuwa na ombi moja la ajabu. Katikati ya mechi, Komeo akiwa amesimama pembeni ya mstari anafoka, shemeji anamjia taratibu na kumwambia sikioni, "Shemeji, nakuomba ukae. Kaa kwenye benchi, niachie mimi hapa."

Ukae! Kocha mkuu akae, msaidizi asimame mbele ya watu wote! Kwani huyu anadhani mimi mjinga, Komeo alijiuliza. Anataka wamwone yeye amesimama, ili nikifukuzwa wasihangaike kutafuta mwingine.

Akamtegea. Neno la kupandia la mabeki wake siku zote lilikuwa "twende". Alhamisi, wakiwa wawili tu kwenye chumba cha vifaa, katikati ya koni na mipira, akamwambia shemeji, "Jumamosi tunabadili. Neno ni 'mama'. Wasipande mpaka walisikie hilo. Usimwambie mtu." Shemeji akaitikia kwa kichwa, akataka kuongeza jambo, Komeo akatoka. Mabeki wenyewe hakuwaambia mpaka Jumamosi, dakika tano kabla ya kuingia uwanjani, wakiwa wanafunga kamba za viatu. Kwa hiyo kama kuna mtu aliyekuwa na muda wa kulipeleka neno hilo nje, ni mmoja tu.

Mechi ikaanza. Beki akaita "mama", mstari ukapanda, mshambuliaji akajizuia, kiungo akachomoka. Goli. Komeo hakuangalia hata mpira ukiingia wavuni. Aligeuka akamtazama shemeji yake, na shemeji alikuwa ameshika kichwa. Anajua kuigiza huyu, alisema moyoni. Roho ilimuuma mpaka akasikia uchungu mdomoni.

Jumatatu asubuhi, ofisini, mbele ya mwenyekiti, akamwaga yote: simu, chai, neno la Alhamisi. Shemeji alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki, filimbi shingoni, kwa kuwa alikuwa ametoka kuwakimbiza vijana mazoezini.

"Zile simu nilikuwa naulizia wanajuaje, na ile chai nilienda kumuuliza kocha wao mwenyewe," shemeji alisema. "Alicheka tu, akaniambia nikuambie ukae chini. Ndiyo nikaanza kukuangalia. Shemeji, wewe unaposimama pale pembeni—"

"Ahaa! Tumerudi kwenye kukaa!" Komeo alipiga meza. "Sema tu kiti changu unakitaka. Umekula kwangu, umemwoa dada yangu, na bado hujashiba?"

Mwenyekiti akajifanya anapanga karatasi. Shemeji alimtazama Komeo kwa muda, kama anayehakikisha kwamba kweli ni yeye, halafu akavua filimbi, akaiweka mezani polepole, akaondoka. Hakufunga hata mlango kwa nguvu. Hilo nalo Komeo alilihesabu kuwa ushahidi, maana mtu asiye na hatia angepiga kelele.

Jioni dada yake alipiga simu. "Kaka, unamjua mume wangu kuliko ninavyomjua mimi," alisema. "Umelala naye kambini miaka kumi na miwili. Umethubutuje?" Komeo akasema haya ni mambo ya kazi. Simu ikakatwa.

Mechi ya pili, ile ya mwisho ya mwenyekiti, Komeo alikuwa peke yake. Hakumwambia mtu kitu. Neno jipya aliwanong'oneza mabeki wakiwa wameshapanga mstari wa kuingia uwanjani. Pale shemeji alipozoea kukaa kwenye benchi aliweka koti lake. Alikuwa na uhakika kabisa, na ule uhakika ulimpa amani aliyoikosa mwezi mzima.

Dakika ya kumi na nane mstari ulipanda. Mshambuliaji akajizuia. Kiungo akachomoka. Goli.

Dakika ya hamsini, vile vile.

Ala! Nani sasa? Komeo aligeuka huku na huku. Mabeki wenyewe? Refa? Mkewe, ambaye hakujua hata neno lenyewe? Alimwangalia kila mtu uwanjani, mpaka muuza maji, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake hakubaki na mtu wa kumshuku.

Nyumbani, Jumapili asubuhi, bintiye alikuja na simu mkononi. Alikuwa jukwaani jana na mama yake, na kama kawaida yake hakuwa na habari na mpira. Alikwenda kumwona baba. "Baba, nimekurekodi," alisema, akijaribu kumchangamsha. "Tazama unavyocheza dansi."

Kwenye kioo kile kidogo mpira haukuonekana, wala mabeki. Alionekana yeye tu, kocha mwenye tumbo lililoanza kutangulia, amesimama pembeni ya mstari. Anafoka, anakunja mikono. Halafu ghafla anainama kidogo, anapiga hatua mbili mbele, mkono nyuma ukiwazuia watu wasiokuwepo. Pap, pap. Hapo ndipo sauti ya beki wake inasikika kwa mbali ikiita neno jipya, yeye akiwa keshapanda. Na nyuma yake, kwenye benchi la wapinzani, mtu mmoja asiyeangalia mpira kabisa, macho yote kwenye miguu ya Komeo, anapiga kelele, "Subiri!"

Akairudisha. Pap, pap, "Subiri!" Goli. Akairudisha tena. Alikuwa bado anausoma mchezo kuliko vijana wake, nusu sekunde kabla yao, na miguu yake ilikuwa haijaambiwa kwamba imestaafu. Siri ya timu alikuwa anaitoa mwenyewe, hadharani, kila Jumamosi. Angekaa chini, angepanda vipi?

"Baba, mbona unalia?" binti aliuliza. Komeo alichukua ile simu, akachukua kwenye droo ile filimbi aliyoiokota mezani kwa mwenyekiti Jumatatu ile, akatoka na kandambili.

Dada yake alimfungulia mlango, akamtazama juu mpaka chini, akampisha bila salamu. Shemeji alikuwa uani, kwenye kigoda, anasugua viatu vyake vya mpira kwa mswaki wa zamani. Komeo akampa simu. Shemeji aliitazama ile picha mpaka mwisho, akatabasamu kidogo, bila kutaka.

"Umepanda vizuri," alisema. "Bado unayo."

"Nisamehe, shemeji. Nimekukosea mbele ya watu, na mbele ya watu hao hao nitalisema. Mwenyekiti nimeshampigia. Leo hii wakinifukuza wanifukuze, lakini lazima wajue ni mimi." Akanyoosha mkono wenye filimbi. "Rudi. Ukiniambia nikae, nitakaa. Nifunge na kamba kama unataka."

Shemeji aliweka kiatu chini, akajifuta mikono kwenye suruali. Filimbi hakuipokea.

"Nimekusamehe," alisema. "Hilo nilishamwambia dada yako siku ile ile. Wewe ni ndugu yangu, wanangu watakuja kwenu na wako watakuja hapa, kama zamani. Lakini kazini sirudi."

"Kwa nini, kama umenisamehe?"

"Unakumbuka tulivyokuwa tunapanda? Miaka kumi na miwili, shemeji, sikuwahi kugeuza shingo kuangalia kama umepanda na mimi. Hata siku moja. Ungebaki nyuma, ningeaibika peke yangu, na wala halikunijia kichwani." Akachukua kiatu cha pili, akaanza kukisugua. "Sasa hivi nitageuka kuangalia. Nitajizuia, lakini nitageuka. Na wewe unajua beki anayegeuka kuangalia anakuwa amechelewa."

Komeo alijua. Hakuna mtu duniani aliyelijua jambo hilo kumzidi. Alisimama pale uani, filimbi mkononi, mpaka dada yake akaja na kigoda cha pili, akakiweka chini karibu na mumewe.

"Kaa basi, kaka," alisema.

Komeo akakaa.