Nani Alimfundisha Futi

Kwetu nilikuwa mpima ardhi kwa miaka kumi na tisa, na Futi alikuwa akinishikia utepe wa kupimia. Jina hilo nilimpa mimi. Huku ugenini alinitangulia miaka sita, kwa hiyo yeye ni mnyapara wa jengo na mimi nabeba tofali. Vyeti vyangu ofisi ya huku iliviangalia kama karatasi za kufungia karanga.

Kazi hii alinitafutia yeye, kwa sharti moja. "Mzee wangu, pale saiti mimi si kijana wako. Bosi akijua, nitachekwa."

Nilikubali, ningefanyaje? Ijumaa bosi angesaini barua yangu ya ajira. Bila barua hakuna kibali cha kuleta familia, na bila kibali mke wangu, aliyekwisha kuuza hata makochi, angebaki na watoto sebuleni kwa dada yake. Kila jioni alinipigia simu kuuliza swali lile lile: tunakuja lini?

Alhamisi asubuhi, nikishusha tofali, niliona kona ya msingi imekaa upande. Lori la zege lilikuwa limeshaingia getini. Nikajiambia hayanihusu. Nikabeba, nikarudi, nikabeba tena, macho hayatulii, mikono inaniwasha. Mwishowe nikamnong'oneza Futi, "Pima pembe kwa pembe."

"Fanya kazi yako, mzee," alisema bila kuinua kichwa.

Lori likaanza kurudi nyuma kuelekea msingi. Hapo ulimi ukaniteleza, kwa lugha ya nyumbani na kwa sauti ya ofisini kwangu: "Futi, ng'oa, rudia!"

"Ndiyo, mkuu," akajibu, na kabla hajajua anachofanya alikuwa amepiga magoti anang'oa vigingi vya kona.

Vibarua wakacheka. Bosi akaja, akapima mwenyewe, akakuta kona imepotoka shubiri nzima. Akatuangalia kwa zamu. "Hapa mkubwa ni nani?"

Futi alikuwa amesawajika. Nilijua akifukuzwa yeye, mimi sifiki jioni.

"Ni yeye, bosi," nikasema. "Kazi hii amenifundisha yeye. Aliniagiza nikiona kosa nipaze sauti, hata likiwa lake."

"Ni kweli?" bosi akamuuliza.

Nilitamani akanushe, hata kwa macho tu. Futi alijipangusa magoti taratibu.

"Kweli," akasema. "Huyu alikuja hapa hajui kitu."

Iliniuma kuliko nilivyotegemea. Bosi akacheka, akasema barua yangu ataisaini kesho. Nikawashukuru wote wawili.