Samaki wa Majibu Sahihi

Jumamosi asubuhi, nyumbani kwao, mtaa wa Kikula mjini Likasi, Bibiane alisogeza beseni la samaki wakavu la mama yake hadi ukingoni mwa meza, akapangusa magamba kwa kiganja, akafungua kitabu cha mazoezi. Kilikuwa nakala ya nakala, herufi zimefifia, na kilikuwa Kiingereza mwanzo mwisho. Mtihani wa kuingia shule ya biashara ng'ambo ulikuwa unakaribia. Kampuni moja ya madini, yenye bomba lililotazama ziwa la Tshangalele, iliahidi kumsomesha kijana mmoja tu wa Likasi na miji ya jirani, yule atakayewashinda wenzake. Bibiane alisoma miaka yote kwa Kifaransa, hakuwa na kazi, na hakuwa na mlango mwingine wa kubisha.

Swali lilisema hivi: kiwanda kinamwaga maji ziwani, wavuvi wanadai maji hayo yanaua samaki, ni jambo lipi, likithibitika, litadhoofisha zaidi dai la wavuvi?

Akili alikuwa nayo. Shida yake ni kwamba kila sentensi ya Kiingereza aliipitisha kwanza kwenye Kifaransa, kisha akaifikisha kwenye Kiswahili, ndipo aielewe. Na ikifika kwenye Kiswahili inakuta watu. Wavuvi wakawa Germain, kaka wa mama yake, amekaa kando ya mtumbwi pale Tshangalele akikuna vidonda vya mikono. Bibiane akatafuta jibu linalosema kwamba mjomba si mwongo. Halikuwemo. Muda ukaisha yuko palepale.

Mchana alimpelekea mwalimu wake, Barthélemy, aliyefundisha Kiingereza katika gereji ya nyumba yake, naye akaitazama karatasi, akasikia habari za mjomba, akakunja uso kama mtu aliyelamba shubiri.

"Weye unatafsiri," akamwambia. "Hapana kuleta ile maneno ku nyumba. Iache mu Anglais, mu Kiingereza yake. Mule hakuna tonton, hakuna mujomba, hakuna muntu. Kuko jibu tu."

"Lakini ile jibu iko uongo, mwalimu."

"Banakuuliza kama iko kweli? Soma tena."

Akasoma tena, na safari hii akaiacha sentensi ilipo. Akachagua jibu lililosema kwamba wavuvi wenyewe hutumia nyavu za matundu madogo mno. Lilikuwa sahihi. Hapo hapo samaki akaanguka mezani, kati ya kitabu na chai ya mwalimu. Alikuwa amekufa zamani. Macho yalikuwa meupe, matamvua yameungua, tumbo limepasuka na utumbo wa kijani unachuruzika. Alinuka uozo na asidi kwa pamoja. Barthélemy akasogeza kikombe.

"Sasa njo unaanza kujua," akasema.

Tangu siku hiyo kila jibu sahihi lilikuja na samaki wake. Barthélemy akaacha kusahihisha karatasi za Bibiane. Alihesabu samaki, basi, akaandika alama. Wanafunzi wengine waliziba pua kwa wivu. Bibiane alikuwa akitoka uani kutapika, anasukutua, anarudi kumalizia zoezi. Ilichefua, tusidanganyane. Ute uligandisha kurasa, funza walitambaa juu ya maswali, na nywele zake zilinuka hata zikisukwa upya. Lakini mtaka cha mvunguni sharti ainame, naye aliinama mpaka pua ikagusa sakafu.

Wa kwanza kuumia ni mama yake. Henriette alikuwa akiuza samaki wa kukaushwa sokoni, na jina lake lilikuwa safi. Sasa harufu ya majibu ya binti iliingia beseni lake; wateja walimwinua samaki, wakamnusa, wakamrudisha taratibu, wakaenda meza ya jirani. Samaki mmoja akioza, walisema wahenga, na wateja hawakungoja kumaliziwa methali.

"Minye nauzisha samaki ya kukauka," alimwambia binti yake, "weye unaniletea ya kuoza. Utafaulu siku gani, mutoto wangu?"

"Karibu, mama."

Hata hivyo Henriette alikataa katakata samaki wale watupwe jalalani. Kwao, watu wa ziwani, samaki aliyeingia nyumbani bila kuletwa na mtu hurudishwa kwa wenye maji, kwa sababu kuna anayemtafuta. Kwa hiyo Jumapili, baada ya misa, mama na mwana walijaza magunia, wakambembeleza dereva mmoja asiyejali harufu, wakaenda Tshangalele.

Germain alifungua gunia la kwanza, akatia mkono ndani bila kukunja uso.

"Njo yenyewe, samaki yetu hii," akasema. "Nilikuwa najiuliza inaenda wapi. Zamani ilikuwa inaelea hapa kila asubuhi. Sasa hapana. Pembeni ya maji kuko safi sawa sahani."

Kisha akawaeleza, kwa sauti ya mtu anayeeleza bei ya unga. Wavuvi walikuwa wameomba muda mrefu waje watu wa serikali kupima ziwa. Wiki iliyotangulia tume ikaja. Wakubwa wakatembea ukingoni na mabuti yao, hawakuona hata samaki mmoja aliyekufa, wakapiga picha mchanga mtupu, wakarudi mjini. Bibiane akayahesabu magunia: yalikuwa majibu yake ya wiki ile.

Kesho yake mama na mwana, na gunia moja lisilorudishwa majini, waliikuta tume ikijiandaa kuondoka Likasi. Henriette akalimwaga gunia mbele ya mkubwa wa msafara. Mkubwa akaziba pua na kitambaa, akasema kwa adabu kabisa:

"Mama, hii hapana samaki ya ziwa. Hii ni samaki ya gunia. Nani aliiona mu maji?"

Bibiane aliijua hoja hiyo. Ilikuwamo kitabuni, na angeulizwa angeichagua yeye mwenyewe bila kusita. Alipowaza tu hivyo, samaki mwingine akaanguka, puu, juu ya kiatu cha mkubwa. Mkubwa akamsukuma pembeni kwa ncha ya mguu, akaingia garini.

Jioni ile Germain alikuja Kikula, lakini hakumsihi mpwa wake. Alimwambia tu jambo lilivyo: "Ukikosea, samaki inabakia kwetu, na siku ingine bataiona. Ukipata, inakuja kwako. Weye njo unajua." Henriette alikuwa akipepeta unga wa fufu, ugali wa usiku.

Mtihani ulifanyika Lubumbashi, katika ukumbi wa kampuni, wenye vigae vyeupe na mfereji katikati. Wanawake wenye mabuti na sepetu walisimama ukutani wakingoja, kwani walikodiwa kila mwaka. Kijana mmoja wa Kambove, mji wa migodi, alianza kuangukiwa na viatu vya wachimbaji, vimejaa udongo, na ndani ya kimoja mlikuwa na kitu ambacho hakuthubutu kukitazama. Bibiane akafungua karatasi. Swali la kwanza lilihusu mji na mto. Sentensi ikabisha hodi kwenye Kiswahili. Yeye akaushika mlango usifunguke, akaishika pia roho yake, akachagua.

Samaki wakamiminika. Wanawake walichota na sepetu zao, hawakuwahi. Mwisho wa mtihani Bibiane alikuwa amezama mpaka magotini katika uozo, na kijana wa Kambove mezani pake alikuwa na viatu vichache tu. Matokeo hayakumshangaza mtu. Tume nayo ikatangaza kwamba ziwa ni zima, na kampuni ikalaza bomba la pili kando ya lile la kwanza.

Siku ya safari Germain alikuja na chupa ya maji ya Tshangalele, kama ilivyompasa. Kwao hakuna anayekwenda mbali bila kutemewa maji na kaka wa mama yake, na maji yenyewe ni yale yaliyowalea. Bibiane akapiga magoti uani. Germain akapiga funda, akafumba macho, akawataja wazee wao kimoyomoyo. Midomo ilianza kumvimba. Hakuharakisha. Alipowamaliza wote, akampulizia maji kifuani.

"Enda muzuri, mutoto wa yaya," akasema kwa shida, yaya akiwa ndiye Henriette, dada yake. "Kule ubaambie: shiye tuko hapa."

"Aksanti, tonton."

Germain akaenda kwenye bomba la uani kusukutua, akatema damu kidogo. Blauzi ya Bibiane ilikuwa imetoboka matundu madogo madogo, na ngozi chini yake imekuwa nyekundu. Akaingia ndani kubadili. Mama yake alikuwa ameshamwekea nyingine kitandani, imepigwa pasi.