Keki za Marnie

Katika maabara yetu ya Melbourne, jaribio likikubali, mwenye nalo ndiye analeta keki za chokoleti na nazi. Juzi Marnie alileta sinia zima. Mimi na yeye tulikuwa tukivitilia vimelea vya malaria dawa ileile, ya kuzuia kimeng'enya kinachovisaidia kujitengenezea mafuta. Vyake vilikufa. Vyangu vilinawiri.

Wivu ulinikaba hata nikashindwa kumpongeza. "Umebahatisha tu," nikamwambia.

"Sijabahatisha, shoga. Vyako unavilisha nini?"

"Majimaji ya damu, kama kawaida. Sivipunji kitu."

"Pamoja na mafuta yake?"

"Pamoja na mafuta."

"Basi umevifungia jiko, vikaenda kudoea kwa jirani," alisema, akilamba chokoleti kidoleni. "Mimi niliyatoa mafuta kwanza."

Jambo dogo hivyo, nami sikuliwaza mwaka mzima. Nilitaka kumpa jibu la kumchoma, ila mdomo ulikuwa umejaa. Ndipo nilipotambua kuwa nakula keki yake ya tatu, na yangu sijawahi kuleta hata moja.

"Kula tu, shoga," Marnie akasema. "Naona unanawiri."