Jile ya Kumwonyesha Chef

Uliziona. Usiniambie hukuziona. Ulipita mwaloni asubuhi kununua ndagala, ukawaona wavuvi wamevaa jile za rangi ya chungwa, wanazibonyeza kwa vidole viwili na kucheka. Ukageuza uso ukatazama milima, kana kwamba milima ya Uvira ilikuwa imehama usiku ule. Mimi nakumbuka nani alitazama wapi. Basi tulia nikusimulie habari ya Célestine, maana yeye naye aligeuza uso, na mikono yake ndiyo iliyokuwa ikishona.

Célestine, mama Vanessa, ni fundi wa nguo huko Nyamianda. Tangu ziwa lipande na kula nyumba za ufukweni, ilitangazwa mwaloni kwamba hakuna mvuvi atakayetoka bila jile ya kumwelesha akianguka majini. Amri ilifika. Jile hazikufika. Bei ya zile za dukani iliwashinda wavuvi, ndipo wakamwendea Célestine: "Mama, tushonee ya kumwonyesha chef." Akachukua kitambaa cha rangi ya chungwa, akakijaza sponji ya magodoro yaliyoharibiwa na mafuriko, akatia mikanda. Chef wa mwalo, mkubwa wa pale ufukweni, akitazama anaona rangi, anaona mikanda, anapunga mkono: pita. Hakuna aliyedanganywa. Ilikuwa nguo ya kupitia mlangoni tu.

Mumewe, Modeste, alikuwa mpiga kasia katika ekipe, kundi la wavuvi, ya mtu mwingine. Ekipe ilipovunjika, mjomba wake akamwachia mtumbwi wa mtu mmoja, mwembamba, usiotaka mtu wa kukaa ovyo. Modeste akasema atavua sangala kwa mshipi, mchana, peke yake. Na alivyojiandaa, ungempenda kwa kumtazama tu. Mshipi aliuvuta kwa meno. Ndoana alizijaribu kwenye ukucha, na ile isiyokwaruza akairudisha kwa muuzaji wakagombana. Kasia la akiba alilifunga kwa mpira ndani ya ukingo, akalifungua akiwa amefumba macho, akalifunga tena. Jiwe la nanga alilibadilisha, kwa sababu la kwanza lilikuwa duara na liliteleza kambani. Hata kopo la kuchotea maji alilikata lifuate tumbo la mtumbwi.

"Umebakiza nini, Papa Vanessa?"

"Jile tu. Utanishonea kama ya Héritier."

"Kama ya Héritier?"

"Eh. Iko nyepesi, haisumbui. Ile si ya ziwa, ni ya chef."

Célestine akaacha kukanyaga cherehani. Huyu mtu aliyegombana na muuzaji kwa ajili ya ukucha! Kapu la sponji lilikuwa pale pale karibu na mguu wake. Wanawake wangapi, waume zao wako majini wamevaa godoro lake? Kila mara alikuwa akijiambia: wao ndio wameomba. Sasa aliyeomba ni wake.

Alikwenda kwenye ukumbi wa harusi, akaokota chupa tupu za maji, akakaza vifuniko na kuvizungushia vipande vya mpira wa baiskeli. Akakata magunia ya mchele wa Bwegera, akashona mifuko, kila mfuko ukabana chupa zake, kifuani na mgongoni. Kilikuwa kitu kibaya kutazama. Modeste alipokivaa, kila hatua ilipiga kelele: kwaru, kwaru.

Asubuhi wavuvi walianza kucheka hata kabla hajashuka mchangani.

"Weye Modeste, unaenda kuvua ao kuuzia samaki mayi ya chupa?"

Toussaint, chef wa mwalo, akamzunguka, akasoma maandishi ya gunia mgongoni. "Hii si jile. Jile iko na rangi. Hii iko Bwegera, kilo ishirini na tano. Haupite nayo."

Héritier, rafiki yake, akavua jile yake. "Vaa hii, ndugu, upite. Minye nitatoka kesho."

Modeste, uso umemwiva kwa aibu, akaanza kufungua mikanda ya magunia. Célestine, aliyekuwa amemsindikiza mumewe, akaiwahi ile jile mkononi mwa Héritier. Akaingia majini hadi kiunoni, kitenge kimelowa, akailaza juu ya maji, akaikandamiza mara moja, akaiachia.

Ikaelea. Wanaume wakashangilia. "Ona! Mama Vanessa, umejishinda mwenyewe!"

Célestine alisimama tu, akaitazama. Kitambaa kikaanza kukolea rangi, kikawa kizito. Vicheko vikapungua. Mabega yakazama kwanza, kisha mikanda, mwisho ikabaki pembe moja kama mtu anayeomba ruhusa ya kusema. Ikaenda chini.

"Mama Vanessa," Héritier akasema polepole, "minye jana nilikuwa mbali kabisa ziwani, nimevaa hiyo. Ulijua?"

"Nilijua. Na weye ulijua. Uliniambia nishone ya chef, nikashona ya chef."

Héritier akamtazama Toussaint. Toussaint akatazama milima.

Célestine akainama, akaivuta ile jile kutoka chini. Wembe wa fundi haukosi kwenye pindo lake. Akaipasua ubavuni, sponji ikatoka ikidondosha maji kama matumbo ya sangala. Lile ganda la rangi ya chungwa, limelowa hivyo hivyo, akamvalisha mumewe juu ya chupa na kukaza mikanda.

"Rangi hiyo hapo, Chef. Mikanda hiyo hapo. Sema tena."

Toussaint alikuwa ameshika kamba ya mtumbwi. Akaitazama, akaiachia. Modeste akasukuma, akakaa katikati kama anavyokaa mtu anayejua mtumbwi wake, akapiga kasia. Kwaru, kwaru, mpaka sauti ikamezwa na mawimbi.

"Na minye?" Héritier akauliza, mikono mitupu.

"Tafuta chupa. Nakungojea kwenye cherehani."

Akaenda. Na mwingine nyuma yake akaanza kufungua mikanda yake, hacheki.

Na wewe? Jile ya mumeo iko ukutani. Ya mwanao, ya ndugu yako. Usingoje mpaka mtu aletwe maiti, amefungwa kwenye turubai, ndipo uje kulia mbele yangu. Simama. Iteremshe. Itie kwenye beseni la maji, ikandamize, iachie, usiondoe macho. Ikizama, ipasue. Sasa hivi, kabla hajaenda ziwani.