Urefu wa Chiriku

Kwa miaka kumi na mitatu ya kushika chaki, mwalimu wa jiografia hakuwahi kutoka darasani akaacha ubao mchafu. Ilikuwa adabu ya kazi, na kwao kila mwalimu aliijua: chumba ni cha wanafunzi, mwalimu ni mgeni wa dakika arobaini. Wanafunzi hukaa, walimu ndio huzunguka. Unaingia na vitabu kifuani, unafundisha, kengele inalia, unafuta, unatoka. Yule wa hisabati anayesubiri mlangoni anakuta ubao mweusi tii, kana kwamba hapakuwahi kupita mto wala mlima pale. Kumwachia mwenzako ubao ulioandikwa ni kama kumwachia sinia lenye mabaki.

Ndiyo maana alipopata mkataba wa kufundisha nchi ya mbali, kitu cha kwanza alichotia begini kilikuwa kifutio chake, kipande cha mbao kilichovishwa blanketi kuukuu, chepesi kama mkate. Siku mbili za mwisho aliifuta nyumba nzima kama alivyozoea kufuta ubao. Nguo aliwagawia majirani, droo akazimwaga, akapitisha kitambaa cha maji kwenye vioo, kwenye kuta, kwenye fremu za milango. Mama yake mzazi alikuwa anahamia pale kumlea mjukuu, na mwalimu hakutaka mama yake akute hata doa. Alipofunga begi, alitazama vyumba vikimeta na akahisi ametenda jambo jema.

Mjukuu huyo, binti yake wa pekee, alikuwa na miaka tisa. Walimwita Chiriku, kwa kuwa kinywa chake hakikujua likizo.

Nchi mpya ilimpokea kwa ukungu. Kila asubuhi ukungu ulishuka mitaani, ukazimeza nguzo za taa moja baada ya moja, na mwalimu alipotembea kuelekea shuleni alijiona kama mtu anayepita ndani ya usingizi wa mtu mwingine, akijitahidi asimwamshe mwenyewe. Shule ilikuwa jengo refu la ghorofa mbili lenye ujia usiokwisha na sakafu iliyong'arishwa hata ikawa kama maji yaliyotulia. Siku ya kwanza alipewa ufunguo wenye kibao cha namba kumi na saba. Alidhani ni wa kabati. Kengele ilipolia, alichukua vitabu akaenda kulitafuta darasa lake. Alipanda, akashuka, akafungua milango, akaomba radhi. Wanafunzi walipishana naye makundi kwa makundi, begi mgongoni, kama vijito vinavyojua viendako. Dakika ishirini baadaye aliwakuta wanafunzi ishirini na wanane wamekaa kimya ndani ya chumba namba kumi na saba, wakimsubiri.

"Mwalimu umepotea?" aliuliza msichana mmoja wa miwani, kwa heshima zote.

"Nilikuwa nawatafuta ninyi," alisema.

"Lakini sisi ndio tunaokuja kwako."

Huko, wanafunzi ndio walizunguka, na kila mwalimu alikuwa na chumba chake. Akili ilielewa siku hiyohiyo. Mikono haikuelewa. Kila kipindi kilipokwisha mwalimu alifuta ubao, akakunja ramani zake, akatia kila kitu kwenye kikapu, akakaa kwenye kiti kama abiria aliyewahi kituoni. Hapakuwa na mwenzake wa hisabati aliyesubiri mlangoni. Alifuta hata hivyo.

Mkataba ulikuwa wa majaribio, muhula mmoja. Akithibitishwa, angepewa nyumba ya vyumba viwili na kibali cha kumleta mtoto. Hilo lilimfanya aamke asubuhi na kuvaa viatu. Lakini mtoto mwenyewe, tangu siku ile ya kuagana, hakuwa amemwambia mama yake hata neno moja.

Alipiga simu kila siku saa kumi, wanafunzi wakishaondoka.

"Mpe simu basi, mama."

"Nimempa," alijibu mama yake. "Kaishika. Anaitazama tu kama saa ya ukutani."

"Chiriku, mama'ngu, unanisikia? Umekula?"

Ilisikika pumzi, na mbali kidogo kuku akilalamika uani. Kisha sauti ya bibi ikarudi.

"Mtoto anayepiga soga mpaka na kuku, leo kafunga duka. Nifanyeje mie? Nimfungue kwa kisu?"

"Anaumwa?"

"Haumwi. Anakula kunishinda. Ila jana kaniambia, hata huo mkataba ukitoka, yeye haji. Nilipouliza kwa nini, kanywea."

Hivyo ndivyo wiki saba zilivyopita. Katika wiki hizo mwalimu aligundua kuwa kimya kina sura nyingi. Kulikuwa na cha simu, na kulikuwa na cha chumba namba kumi na saba. Wanafunzi walimsikiliza, wakaandika, wakashinda mazoezi, lakini walikaa ukingoni mwa viti. Hakuna aliyeuliza swali la kipuuzi, na darasa lisilouliza maswali ya kipuuzi, kila mwalimu anajua, halijakukubali.

Wiki ya nane mkuu wa shule, bwana mfupi mwenye sauti ya upole, alimwita ofisini.

"Barua yako iko hapa mezani," alisema. "Kazi yako safi. Ila sijatia sahihi, na nisingependa kukuficha sababu. Wanafunzi wananiuliza unaondoka lini."

"Nani kasema naondoka?"

"Hakuna aliyesema. Ndilo linalonisumbua. Darasa zima limefikiria jambo moja bila kuambizana. Tuna wiki nne. Tafadhali litazame."

Alitoka, akaenda kumwuliza mwalimu wa kemia, jirani yake wa chumba namba kumi na nane, mama mcheshi aliyemwita kila mtu bibie.

"Hee, bibie! Ina maana hujui?" Mwalimu wa kemia alimshika mkono akamvuta mpaka mlangoni pa namba kumi na saba. "Hebu tazama. Unaona nini?"

"Chumba."

"Chumba? Hiki chumba cha wageni. Kuta tupu, ubao mtupu, kabati tupu. Kwangu wameacha masweta, vikombe, daftari za mwaka juzi, kuna mmoja kaacha kiatu kimoja, sijui katembeaje kurudi kwao. Kwako wameacha nini?"

Mwalimu alifikiri. "Hakuna."

"Hata wewe hujaacha kitu. Kila jioni unabeba kikapu kama umefukuzwa na mwenye nyumba. Mwalimu wa kabla yako alifanya hivyohivyo muhula wake wa mwisho, kidogo kidogo, mpaka siku moja hayupo. Watoto walilia. Sasa wakikuona umefuta ubao, wanajua na wewe uko njiani. Juzi yule wa miwani alichora kisiwa pale pembeni, akaandika jina lake chini. Akaniambia anajaribu tu, aone kama kitalala."

Mwalimu alikikumbuka kisiwa hicho. Kilikuwa na ghuba mbili na mnara wa taa. Alikifuta bila kukitazama vizuri, kama alivyofuta vingine vyote, kwa adabu.

Saa kumi ilipofika alikaa peke yake katika chumba kile. Ukungu ulikuwa umeanza kurudi dirishani, ukiuondoa uwanja wa michezo polepole, kwanza miti, kisha magoli. Alipiga simu. Mama yake alipokea kwa sauti ya chini.

"Afadhali umepiga, kalala. Mwanangu, kuna jambo. Mchana nilimkuta amesimama kwenye mlango wa chumba chenu, anapapasa fremu. Anapapasa tu, kama kipofu anayesoma. Nikamwuliza, mjukuu wangu, unatafuta nini hapo? Akaniambia, 'Nilikuwa hapa.'"

Mwalimu aligeuka akatazama fremu ya mlango wa darasa.

"Upo?"

"Nipo, mama."

"Palikuwa na nini hapo?"

Palikuwa na mistari. Kila siku ya kuzaliwa, na siku nyingine zisizo na sababu, alimsimamisha Chiriku dhidi ya fremu ile, visigino vikigusa mbao, kitabu juu ya kichwa, akachora kwa penseli. Mistari minane au tisa, mmoja juu ya mwingine, kila mmoja na namba yake, kama ramani inavyoonyesha mwinuko wa kilima. Na siku ile ya usafi alipitisha kitambaa cha maji kutoka chini mpaka juu, akiwaza mambo ya tiketi. Mtoto wake alikuwa amesimama nyuma yake. Sasa alikumbuka kuwa alikuwa amesimama nyuma yake, na hakuwa amesema kitu.

"Palikuwa na yeye," alimwambia mama yake.

Hakwenda nyumbani mara moja. Alikitoa kifutio kikapuni, akakitazama, akakiweka juu kabisa ya kabati, mahali ambapo angehitaji kiti kukifikia. Kisha akachukua utepe wa kupimia na penseli, akapiga magoti kwenye mlango wa chumba namba kumi na saba. Mwalimu wa jiografia huhifadhi vimo kichwani kama wengine wanavyohifadhi nyimbo. Alianza chini. Sentimita mia na mbili: miaka minne, siku ya mvua. Mia na nane: miaka mitano, alikataa kusimama wima mpaka aahidiwe soksi nyekundu. Mia na kumi na sita. Mia na ishirini. Kila mstari ulipotokea kwenye rangi nyeupe ya fremu, aliona utosi mdogo ukija chini yake, nywele zilizosukwa vibaya, harufu ya mafuta ya kupaka, na aliendelea kupanda taratibu kama mtu anayevuta kitu kutoka chini ya maji, akiogopa kisije kikakatika.

"Mwalimu, huo ni mlima gani?"

Alikuwa msichana wa miwani, amerudia mwavuli wake.

"Si mlima. Ni mwanangu."

Msichana alisogea, akasoma namba zote kwa makini, tangu chini hadi juu. "Yuko wapi?"

"Kwetu. Anasubiri kuona kama nitakaa."

"Utakaa?"

"Nataka kukaa," alisema mwalimu. "Sikujua kuwa natakiwa kuacha alama. Nilikotoka, ukiacha alama umekosa adabu. Kisiwa chako nilikifuta. Nisamehe."

Msichana aliitazama tena mistari ile. Kisha akavua viatu, akageuka, akagusisha visigino kwenye fremu.

"Basi na mimi nipime. Lakini usibonyeze nywele."

Kesho yake fremu ilikuwa na majina sita. Wiki iliyofuata, ishirini na wanane. Ubao ulibaki na mito ya Jumatatu mpaka Ijumaa, na kisiwa kilirudi na mnara wake, kikapata bandari na uwanja wa ndege ambao haukuombwa na mtu. Mtu aliacha sweta. Mtu aliuliza kama samaki hupata kiu, na darasa likacheka kwa mara ya kwanza. Mkuu wa shule alipopita kukagua, alitazama mistari ile, akasimama mwenyewe kwenye fremu, akataka visigino vya viatu vyake vihesabiwe. Wanafunzi walikataa katakata. Alasiri ile barua ikatiwa sahihi.

Lakini saa kumi, simu ilikuwa bado na kimya chake. Siku moja mwalimu hakuuliza kama mtoto amekula.

"Chiriku," alisema, "si lazima ujibu. Nilifuta urefu wako. Nilidhani nasafisha. Nimeuandika upya huku, kwenye mlango wangu, nikiukumbuka. Nakusomea, usikilize tu. Mia na mbili, miaka minne. Mia na nane, miaka mitano, siku ya soksi nyekundu. Mia na kumi na sita, miaka sita. Mia na ishirini..."

"Kumi na nne."

Sauti ilikuwa ndogo na yenye mikwaruzo, kama mlango uliokaa bila kufunguliwa. Mwalimu aliegemea ukuta.

"Unasemaje, mama?"

"Ya miaka sita ni mia na kumi na nne. Ulinipima na viatu. Ukasema tutoe mbili, halafu hukutoa, ukaenda kuangalia maharage yanaungua."

"Kweli. Yaliungua."

"Na umeruka. Kuna ya siku niliyong'oka jino. Na ile ya siku hakuna kitu, tulikuwa tunacheka tu. Hizo umeandika?"

"Sikuzikumbuka namba zake."

"Mimi nazikumbuka!" Nyuma yake bibi alisikika akipiga kigelegele kimoja kifupi, akajinyamazisha. "Una penseli? Andika. Usiandike haraka, mwandiko wako ukiwa wa haraka unakuwa mbaya. Mia na ishirini na mbili na nusu, hiyo ya jino. Umeandika? Halafu kuku yule mweusi ana vifaranga saba, ila mmoja anajifanya bata. Mama, huo mlango una nafasi juu yangu?"

Mwalimu alitazama juu. Mbao nyeupe ilipanda ikaishia kwenye nuru hafifu ya dirisha, na nje ukungu ulikuwa umesimama kimya kwenye kioo.

"Ipo, tele."

"Basi usiifute. Ile ya miaka kumi nitakuja nisimame mwenyewe. Wewe hujui kupima."