Swali Moja kwa Siku

Tangazo lilikuwa fupi, na Sidonia ndiye aliyeliandika. *Je, umepoteza hamu ya mambo uliyoyapenda? Una umri kati ya miaka kumi na minane na thelathini na mitano, na unaishi mkoani Dodoma? Tuandikie. Mazungumzo ni siri.* Mwaka ule wa 2014 Facebook ilikuwa imekwisha kuingia hata kwenye simu ndogo za vitufe, na Daktari Bupe, aliyeongoza utafiti wa chuo kuhusu sonona kwa vijana, yaani ile huzuni nzito isiyoisha, aliamini kwamba wale wasiofika hospitali wangepatikana huko.

Wengi waliojibu walikuwa watani. Cornel, mtafiti msaidizi aliyekaa meza moja na Sidonia, alikuwa akiwasoma kwa sauti.

"Huyu anasema amepoteza hamu ya ugali tu, pilau bado anaiweza. Tumwandikishe?"

"Mwandikishe wewe, mlale wodi moja."

Kisha aliandika mtu aliyejiita Mtunza Zabibu. Picha yake ilikuwa kichala cha zabibu, hakuna uso. Swali lake la kwanza lilikuwa kama ni kweli hakuna atakayejua. *Nina ndugu mmoja tu, dada yangu,* aliandika. *Akijua ataacha shughuli zake aje kunilinda kama mtoto.* Sidonia alimjibu bila kusita: *Hakuna atakayejua. Hata sisi hatulijui jina lako.*

Dodoso lilikuwa na maswali tisa, na watu wengi waliyamaliza kwa robo saa. Mtunza Zabibu alijibu moja kwa siku, saa saba mchana, kwa sababu, alisema, kifurushi chake kilikuwa kidogo na majibu yake yalikuwa marefu. Mavuno yalikuwa yamekwisha, na kazi ya kupogoa wamepewa watu wachache, yeye hakuwamo. Usingizi ulikuwa ukimtoroka. Akiamka, aliandika, mwili unakuwa mzito kama amelala na gunia kifuani. Sidonia alianza kuchelewa kwenda kula ili saa saba imkute mezani. Alimjibu kwa sentensi zilizopitishwa na kamati ya maadili, lakini alizipanga kwa upole aliokuwa nao, na mtu yule aliuhisi. *Wewe unasoma kweli,* aliandika siku ya tano. *Wengine huwa wanapitisha macho tu.*

Siku ya sita swali lilihusu kujiona huna thamani. Jibu lilikuja kwa vipande vitatu. *Vitu vya marehemu mama naviona vinanidai nivitumie, nami siwezi. Redio yake nimempa jirani yangu Mbwana. Nimebaki na ile kamba ya kanga ya kijani tu, dada aliifunga mwenyewe mkanda wa redio ulipokatika.*

Sidonia alisoma, akarudia kusoma, kisha akaitazama mikono yake juu ya kibodi. Kanga ile aliichana yeye, barazani kwa mama yao, Makutupora, akaisokota mara mbili ili iwe imara. Apolinari, mdogo wake, alikuwa ameishikilia redio magotini akimcheka kwamba anafunga redio kama mbuzi.

Apolinari aliyemjua yeye hakuwahi kuandika zaidi ya mistari miwili. Kwenye simu alikuwa mzaha mtupu. Jioni ile, chumbani kwake mtaa wa Kikuyu, mjini Dodoma, Sidonia alimpigia.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Hujambo, Poli?"

"Mimi? Mzima kama bati jipya. Wewe je, hao wazungu wa chuo chako hawajakumaliza?"

"Hakuna wazungu. Unakula?"

"Nakula mpaka majirani wanalalamika."

Hakuwa na njia ya kuingilia. Aliposema kwaheri alikuwa amejua mambo mengi ambayo mdogo wake hakumwambia, na hakuna hata moja aliloweza kulishika.

Angepaswa kutoa taarifa siku ileile. Kanuni ilisema atakayemtambua mshiriki amkabidhi kwa mwenzake. Hakutoa. Alijiambia kwamba akimkabidhi, Cornel hatasoma kama yeye. Ikapita siku ya saba, ikapita ya nane. Siku ya tisa swali lilikuwa kama mtu amewahi kuwaza kwamba afadhali asingekuwapo. Mtunza Zabibu, ambaye majibu yake yote yalikuwa marefu na ya saa saba, safari hii aliandika asubuhi na mapema, maneno mawili: *Siku nyingi.*

Ndipo Sidonia alipokwenda kwa Daktari Bupe na kueleza yote, akiwa amesimama.

Daktari alimsikiliza hadi mwisho. "Keti kwanza," alisema. "Ulipaswa kuniambia siku ya kamba."

"Najua, Daktari."

"Amesema lolote kuhusu namna, au siku?"

"Hapana. Hayo mawili tu."

"Kwa jibu hilo anatoka kwenye utafiti. Cornel atampa namba ya kliniki na kumwomba ruhusa tumpigie. Ukurasa huu usiufungue tena. Nitabadili nywila sasa hivi. Nenda kwake leo. Nenda kama dada. Lakini uliyoyasoma humu usiende nayo."

"Nikimwambia ni mimi?"

"Ulimwandikia kwamba hakuna atakayejua. Ukimwambia leo, hatatuandikia tena, wala hatapokea simu yako. Mkaribie, atazame uso wako, huenda akasema mwenyewe. Ukiona hatari ya waziwazi, nipigie, tutavunja siri yote."

Sidonia alishuka Makutupora saa saba kasoro. Upepo wa Oktoba ulikuwa unafagia vumbi katikati ya mistari ya mizabibu. Apolinari alikuwa amekaa kizingitini, simu pajani, amekonda kiasi cha shati kumning'inia.

"Dada msomi," alisema akiinuka. "Leo umepotea njia au chuo kimefungwa?"

"Nimekukumbuka tu."

"Basi mvua itanyesha."

Ndani, kabati la mama lilikuwa na mraba mmoja safi kwenye vumbi, pale redio ilipokaa miaka yote. Sidonia aliuona mraba ule kwanza, kisha akamwona mdogo wake akimwona anavyouangalia.

"Redio iko wapi?"

"Kwa fundi," alisema Apolinari. "Ilikuwa inakwaruza."

Angeweza kusema jina la Mbwana. Lilikuwa ulimini, zima. Badala yake alisema, "Fundi gani?" na Apolinari akataja fundi, kwa utulivu kabisa, na hata akataja ubovu wa redio.

Walikaa. Alimuuliza usingizi, akajibiwa kwa mzaha. Alimuuliza kama ana neno la kumwambia, lolote lile, hata kama ni baya. Apolinari aliitazama simu.

"Unamsubiri nani?"

"Rafiki mmoja wa Facebook. Saa kama hizi huwa ananijibu." Alitabasamu kidogo, na tabasamu lile lilikuwa la kweli. "Anasoma vizuri, huyo mtu."

Simu ikalia. Aliinyanyua haraka, akasoma. Sidonia aliyajua maneno yale kwa moyo, kwa kuwa ndiye aliyeyaandika mwezi wa sita, kwa ajili ya watu asiowajua: *Tunakushukuru kwa muda wako. Kwa majibu uliyotoa, hutaendelea na utafiti huu. Tafadhali fika kliniki, au piga namba ifuatayo. Unaturuhusu tukupigie?*

Apolinari aliilaza simu kifudifudi mkekani.

"Amesemaje?"

"Amepata kazi nyingi."

"Mjibu basi. Huenda anataka kukusikia."

"Aa, huyu siyo yule."

Apolinari alipomsindikiza barabarani alikuwa amechukua kitu kwapani. Kilikuwa kitabu cha nyimbo cha mama yao, kilichofumuka mgongo, kimefungwa kwa kamba ya kanga ya kijani, ile aliyoandika kwamba ndiyo pekee aliyobaki nayo. Alimpa.

"Chukua. Wewe ndiye unayejua kuimba."

Sidonia hakunyoosha mkono. "Nitunzie," alisema. "Jumapili nakuja. Nitaleta na betri za redio, tuimbe wote."

Apolinari alimwekea kitabu ndani ya mkoba, taratibu, akaufunga mkoba juu yake.

"Usihangaike na betri, dada."

Sidonia aliliacha gari lililosimama mbele yao liende bila yeye. Akatoa simu, akaanza kuitafuta namba ya Daktari Bupe.